Type 59 ya Lukaya: uchambuzi wa modeli moja na tope lake

Kifaru chenyewe kimeungwa vizuri mno. Naliweka hili mbele kwa sababu mengi yanayofuata yanaweza kusikika kama lawama. Ni modeli ya plastiki ya Type 59, kifaru cha Kichina, kutoka boksi la Trumpeter, kampuni ya Kichina ya modeli, kipimo cha 1/35, na aliyekiunga ni jamaa yangu wa Mwanza, fundi mwenye mkono mtulivu. Maungio ya plastiki yamepigwa msasa mpaka hayaonekani. Minyororo ameiunga pingili kwa pingili, nayo imelala juu ya magurudumu kwa uzito wake, kama inavyotakiwa, maana vifaru vya ukoo huu havina vigurudumu vidogo vya kuubeba mnyororo kwa juu. Pengo kati ya gurudumu la kwanza na la pili lipo mahali pake. Tangu nyuma ya bodi hadi mdomo wa mzinga ni karibu sentimita 26, nazo zinawakilisha mita 9 za kifaru halisi.

Nia yake ilikuwa kukionyesha kifaru cha JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, katika Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Tatizo ni kwamba kila aliyekiangalia alidhani ni kifaru cha Mrusi kilichokwama mahali fulani Ulaya. Akanitumia picha kutoka pande zote na swali moja: "Kaka, mbona hakifanani na kwetu?"

Jibu la haraka lingekuwa kulaumu rangi ya kijani. Lakini kijani kilikuwa sawa, na hata kingekuwa kimepauka kidogo au kimekolea kidogo, jicho lisingekwenda Ulaya kwa sababu hiyo. Kilichokipeleka Ulaya ni uchafu. Pembeni palikuwa na tope la kijivu chenye umanjano. Kutoka kila kichwa cha bolti ulishuka mchirizi wa kutu ya rangi ya chungwa. Rangi ilikuwa imebanduka kila ukingo, hata sehemu ambazo hakuna mguu wa askari wala tawi la mti unaoweza kuzifikia. Kwa ufupi, aliunga kifaru cha Mutukula, pale mpakani mwa Tanzania na Uganda, akakichakaza kama gari lililotelekezwa miaka kumi kwenye shamba la viazi.

Sishangai. Mbinu karibu zote za kuchakaza modeli tumezipata kwa watu wanaounga vita vya Ulaya. Kampuni ya Tamiya ya Japani ndiyo iliyokifanya kipimo cha 1/35 kiwe cha kawaida, ikianza na kifaru cha Kijerumani cha Panther mwaka 1961, tena ukubwa huo ulitokana na haja ya kuingiza mota na betri ndani ya bodi. Baadaye Mbelgiji François Verlinden akaeneza mtindo wa woshi nzito, yaani rangi ya majimaji inayotuama kwenye mashimo, na brashi kavu inayogusa kingo tu. Kisha wakaja Wahispania, Mig Jimenez akiwa mbele, na poda za rangi zinazouzwa kwenye vichupa vyenye majina ya mahali: udongo wa Urusi, vumbi la Ulaya. Kipo hata kichupa chenye jina la Afrika, ila ukikifungua unakuta manjano ya mchanga. Afrika inayokusudiwa ni ile ya Rommel, jenerali wa Kijerumani wa Vita vya Pili vya Dunia, jangwa la Libya na Tunisia. Mtu wa Bukoba akiipaka kwenye kifaru chake anakihamisha kilomita elfu kadhaa kaskazini bila kujua.

Kwa hiyo kabla ya kugusa brashi nilimwuliza swali moja tu: hiki ni kifaru cha siku gani?

Alijibu, "Cha vita." Nikamwambia hapo ndipo shida ilipo. Vita vya Kagera vilipita katika misimu mitatu, na kila msimu una uchafu wake. Amin alivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na mapema Novemba daraja la Kyaka kwenye mto Kagera likavunjwa. Mkoa wa Kagera wakati huo uko kwenye mvua za vuli. Kifaru kilichovuka kurudi ng'ambo ya kaskazini Novemba kinastahili matope mabichi, mazito, hadi juu ya madigadi. Mutukula ilichukuliwa Januari 1979, na Masaka tarehe 24 Februari. Hiyo ni miezi ya kiangazi, miezi ya vumbi. Safu ya magari kwenye barabara ya moramu huacha wingu linaloingia kila tundu, na kifaru cha nyuma hula vumbi la wote waliotangulia. Halafu Machi mvua za masika zinaanza, na Kampala inaanguka tarehe 10 na 11 Aprili, katikati ya mvua hizo.

Ukisema "cha vita" bila kuchagua, unapaka vyote kwa pamoja. Matokeo yake ni uchafu usio na mpangilio, na jicho la mtazamaji, hata asiyejua chochote juu ya vifaru, huona kwamba kuna kitu hakikai sawa.

Tulibishana kidogo juu ya siku. Yeye alitaka Kampala, kwa sababu ndiyo picha ya ushindi. Mimi nilipendekeza Lukaya, na sababu yangu haikuwa ya kihistoria tu. Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara itokayo Masaka kwenda Kampala, na hapo barabara inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi cha mafunjo. Usiku wa tarehe 10 Machi majeshi ya Amin, yakiwa pamoja na Walibya na vifaru vyao vya T-55, yalishambulia na kuirudisha nyuma Brigedi ya 201 ya JWTZ. Kesho yake Brigedi ya 208 iliyokuwa imezunguka ikawapiga kutoka ubavuni, na hali ikageuka. Kwa mwungaji wa modeli, hapa pana zawadi: mahali pamoja panapokupa udongo wa aina mbili. Kifaru kinafika na vumbi jekundu la kiangazi lililogandamana tangu Mutukula, juu yake imeanza kunyesha mvua ya kwanza, na chini kabisa kuna tope jeusi la kinamasi. Tabaka tatu, kila moja na sababu yake. Alikubali, ingawa kwa shingo upande.

Hapa niongeze jambo dogo kwa wanaopenda kubadilisha vipande vya boksi moja na jingine. Type 59 ni nakala ya Kichina ya T-54A, na kwa mbali haitofautiani na T-55 ya Walibya. Ukitaka kuzitambua tazama juu ya tareti, kile kichwa kinachozunguka chenye mzinga, mbele ya mlango wa mpakiaji: Type 59 ina kofia ndogo ya duara ya feni ya kutolea moshi, T-55 haina. Nimeona watu wakichukua boksi la T-55 kwa kuwa ni rahisi kupatikana, wakalipaka kijani na kuliita la Tanzania. Kwa hesabu hiyo wameunga kifaru cha adui. Jamaa yangu hakuingia mtego huo, na ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba kazi yake ni nzuri.

Sasa kutu. Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kumshawishi, maana kutu inapendeza, na mtu akishaimudu hataki kuiacha.

Kifaru kinachotembea hakina muda wa kuota kutu nzito. Bamba la bodi lina unene wa sentimita nyingi na limepakwa rangi. Rangi ikichubuka, chuma kilicho wazi hupata weusi na ukahawia mwembamba, kisha hufunikwa na vumbi au grisi. Michirizi mirefu ya rangi ya chungwa inahitaji miaka ya mvua bila mtu wa kufuta. Tangu uvamizi hadi Lukaya ni miezi minne na ushei. Tena wafanyakazi wa kifaru, wanne kwa Type 59, wanapanda na kushuka juu yake kila siku, wanakikagua na kukijaza mafuta. Hakijatelekezwa.

Lakini kwetu kuna sababu nyingine ambayo mwungaji wa Ulaya hana haja ya kuifikiria. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ya oksidi za chuma. Yaani, wekundu wa barabara ya moramu na wekundu wa kutu ni ndugu wa damu. Mrusi akipaka kutu ya chungwa juu ya tope la kijivu, macho yanavitenganisha papo hapo. Wewe ukipaka kutu ileile kwenye kifaru chenye vumbi la Kagera, vitu viwili vinamezana, na mtazamaji hajui kama anaona chuma kinachooza au barabara iliyopitiwa. Lazima uchague kipi kitawale. Kwenye kifaru hiki ni udongo. Kutu ikabaki sehemu chache tu: kwenye minyororo, kwenye kamba ya chuma ya kuvutia, na kwenye ekzosi. Hata huko tuliisukuma kwenye ukahawia uliokolea, karibu na chokoleti, ili isije ikafanana na vumbi.

Ekzosi inastahili aya yake. Type 59 inatoa moshi upande wa kushoto, pembeni juu ya madigadi, kuelekea nyuma. Injini ni dizeli ya silinda 12 yenye nguvu za farasi 520, na dizeli ya aina hiyo ikibanwa hutoa masizi. Kwa hiyo upande wa kushoto nyuma lazima uwe mweusi zaidi kuliko wa kulia: madigadi, kisha magurudumu ya mwisho, kisha vumbi lililo karibu, ambalo linageuka kuwa na weusi wa mafuta. Matangi ya nje ya mafuta, kwa upande wake, yako kulia juu ya madigadi. Hapo ndipo dizeli inapomwagika wakati wa kujaza, ikanasa vumbi na kuacha doa jeusi linalong'aa kidogo. Kwenye modeli ya jamaa yangu pande zote mbili zilikuwa sawasawa kabisa, kushoto na kulia kama picha kwenye kioo. Hakuna mashine inayofanya kazi ikachafuka hivyo. Nilipomwonyesha picha zake mbili nikiwa nimeziweka bega kwa bega, alicheka mwenyewe.

Kurekebisha kulikuwa na ugumu mmoja. Alikuwa amekwisha kufunga kila kitu kwa vanishi isiyong'aa, kwa hiyo michirizi ile ya rangi ya mafuta haikuweza tena kufutwa kwa thina. Kuivua rangi yote kwa dawa kungehatarisha minyororo na vipande vidogo vya shaba. Tulichoamua ni kupuliza kijani kilekile kwa eabrashi, kalamu ya hewa ya kupulizia rangi, kikiwa chembamba sana na chenye njano kidogo, tabaka juu ya tabaka, tukiificha michubuko isiyo na sababu na kuiacha ile yenye sababu. Yenye sababu ni ipi? Ukingo wa mlango wa dereva, ngazi za asili ambako askari huweka buti akipanda, sehemu ya mbele ya madigadi inayogonga vichaka, vishikio, na mahali zana zinapofungwa na kufunguliwa. Basi.

Sehemu za juu zilipauliwa kidogo kuliko za ubavuni. Wahispania hufanya hivyo ili modeli ipendeze, na wengine wanawacheka kwamba jua haliangazi hivyo. Kwa Lukaya mbinu hiyo ina msingi: pale ni karibu kabisa na mstari wa ikweta, unaoikata barabara hiyo mbele kidogo huko Kayabwe, na katikati ya Machi jua la adhuhuri liko utosini. Paa la tareti linapigwa moja kwa moja na ubavu unaponea chupuchupu.

Kisha ukaja udongo wenyewe. Jamaa yangu aliletewa mfuko wa udongo halisi kutoka upande wa Misenyi, mkoani Kagera, na alitaka kuutumia kama ulivyo. Mimi sina ubishi na udongo halisi, ila una kanuni zake. Kwanza ukauke kabisa, uanikwe juani na kisha upashwe kwenye sufuria, maana usipofanya hivyo utakuja kuota ukungu ndani ya kabati. Pili usagwe na upitishwe kwenye soksi ya nailoni. Kwenye kipimo cha 1/35 punje ya milimita moja ni jiwe la sentimita tatu na nusu, na hakuna kifaru kinachotembea na kokoto za ukubwa huo zimeganda kwenye ubavu. Tatu, na hili ndilo huwaponza wengi, udongo mwekundu ukiguswa na gundi hukolea na kubaki umekolea. Ukiutazama mkavu mkononi unaona rangi uitakayo, ukishaganda unaona damu ya ng'ombe. Dawa ni kuuchanganya na chaki nyeupe au poda ya rangi ya kaki kabla, na kujaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki cha kutupa. Usijaribu kwenye kifaru.

Kwa vumbi hatukutumia gundi yoyote ile nzito. Poda ilipakwa kavu kwa brashi laini kwenye pembe na mashimo, kisha ikaguswa kwa tone la thina safi lililojivuta lenyewe kwa wembamba wake. Likikauka, poda imeshika kiasi cha kuvumilia pumzi, ila haivumilii kidole. Kidole hakina kazi pale. Wanaotumia mafuta ya taa badala ya thina, kwa kuwa yapo kila duka, wajue kwamba yanaacha utando na harufu isiyoisha. Tapentaini ya wachoraji inafaa zaidi, na kidogo tu inatosha. Hii ni faida mojawapo ya kufanya kazi kwa poda na rangi za wachoraji: rangi maalum za modeli zenye viyeyusho vinavyowaka haziruhusiwi ovyo kwenye ndege, na kuzingoja kwa meli kunakatisha tamaa, lakini tyubu ya rangi ya mafuta ya kahawia iliyoungua unaipata mjini.

Mvua ilifuata. Brashi bapa iliyoloweshwa thina na kukamuliwa karibu ikauke ikavutwa kutoka juu kwenda chini juu ya vumbi la ubavuni, kwa mistari isiyolingana. Inaondoa vumbi hapa na kulisukuma pale, na chini ya kila kichwa cha bolti inaacha mkia mwekundu mwembamba. Inachekesha kwamba hapa ndipo jamaa yangu alipopata tena michirizi yake aliyoipenda, mahali palepale ilipokuwa, ila sasa ni udongo unaotiririka na haina uhusiano na kutu. Nikamwambia usizidishe. Alizidisha kidogo upande wa kulia, na kusema kweli pamekaa vizuri.

Tope la kinamasi lilikuwa la mwisho. Tope la chini ya mafunjo ni jeusi, limejaa mabaki ya majani yaliyooza. Tulilitengeneza kwa jasi kidogo, poda nyeusi na kahawia, gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, na nyuzi za katani zilizokatwa fupi kuliko punje ya mchele. Likapakwa nusu ya chini ya magurudumu, ndani ya minyororo, na kurushwa kidogo ubavuni kwa kuikwaruza brashi kwa kijiti cha meno. Hapa lazima ujizuie. Kifaru cha tani 36 hakiingii kinamasini kikatoka. Ndiyo maana pale Lukaya barabara ya tuta ilikuwa na thamani kubwa hivyo. Tope hili ni la kingo za tuta, la kushuka kidogo na kupanda tena. Likifika juu ya madigadi umesema uongo. Sehemu mbichi zikapata vanishi inayong'aa, ile iliyokwisha kukauka ikaachwa bila kitu.

Minyororo iligawanywa mara tatu: ukahawia wa kutu changa ndani, tope kwenye mashimo ya pingili, na chuma tupu kinachong'aa pale panapogusa ardhi na pale magurudumu yanapopita. Hiyo ya mwisho niliifanya kwa penseli ya kawaida. Risasi ya penseli ikisuguliwa juu ya rangi nyeusi hutoa mng'ao wa chuma kuliko rangi yoyote ya fedha niliyowahi kununua.

Mambo mawili hatukukubaliana na bado hatujakubaliana. La kwanza ni namba na alama. Yeye alitaka namba kwenye tareti kwa sababu kifaru kisicho na namba kinaonekana kitupu. Msimamo wangu ni kwamba namba unaweka ile uliyoiona kwenye picha ya kifaru hichohicho, vinginevyo unaacha. Vumbi naweza kulitetea kwa msimu na barabara, namba ya kubuni siwezi kuitetea kwa lolote, na vita hivi vina watu walio hai waliovipigana, na vina makaburi ya askari wake pale Kaboya, mkoani Kagera. Tareti ikabaki tupu, ila amenifahamisha kwamba karatasi ya namba anayo kwenye droo.

La pili ni kitako cha kukisimamishia. Mimi ningeweka mafunjo. Yanaota hadi mita nne, na hata zaidi, na kwa 1/35 hiyo ni zaidi ya sentimita 11, wakati kifaru chenyewe hadi juu ya tareti hakizidi sana sentimita 7. Kifaru kingeonekana kimefunikwa pande zote mbili, na mtu angeelewa mara moja kwa nini dereva hapo hana pa kugeukia. Yeye anasema hakuunga pingili zote zile za mnyororo ili zije zifichwe na majani. Kwa sasa kinasimama juu ya kipande cha tuta la moramu chenye nyasi fupi ukingoni, na mafunjo ya karatasi niliyomtengenezea kama sampuli yamebaki Mwanza kwenye boksi la Trumpeter.